Ile ya ndoa ni ya nani?

Mama, jambo yako.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na sikufikiri siku moja nitakuwa mimi ninayeandika. Nina miaka 28, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ya kila siku ni kuchora mabango: saluni, duka la dawa, fundi wa simu, mama muuza bukari anayetaka sahani yenye mvuke ukutani kwake. Kazi hiyo nilirithi kwa baba, aliyefariki miaka minne iliyopita. Jumamosi ninaimba kwenye ndoa na bendi moja ya hapa mjini.

Bendi yetu inapiga kopi. Hatuna wimbo hata mmoja wetu. Mimi nimejulikana kwa sababu ninaweza kuimba kama mwanamama mmoja mkubwa wa rumba wa Kinshasa, jina lake silitaji. Namna anavyovuta pumzi, kile kicheko anachokiweka kabla ya kiitikio, ile "e" anayoivuta mpaka unaogopa itakatika, vyote ninavyo. Ukifunga macho hututofautishi. Ukumbini watu wananiita Mdogo Wake. Wananibandika pesa kwenye paji la uso, wanapiga picha na mimi, wakirudi kwao hakuna anayejua jina langu. Zamani hilo halikuniuma. Ninalipwa dola 40 kwa ndoa moja, mbali na zile za kubandikwa, na wadogo zangu wawili wako sekondari kwa pesa hiyo.

Mwezi wa sita nkambo yangu, mama yake baba, alifariki. Kilio kilikuwa kwa shangazi, komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Usiku wa pili hakukuwa na umeme, na baridi ya mwezi wa sita unaijua, tumezunguka mbabula tatu za makaa. Wakaniomba niimbe. Nilikuwa nimetoka ndoani jana yake na koo limekauka. Nikaanza wimbo wa kanisa, ukakataa kutoka. Nikajikuta nimeshika wimbo ambao nkambo alikuwa anauimba akiparua samaki. Yeye alitoka upande wa Kasenga, kwenye mto Luapula, na wimbo ni wa Kibemba. Kuna mahali sauti inatakiwa kupanda. Sikuweza. Nikashuka chini, chini kabisa, karibu na kuongea. Kijana wa jirani alikuwa na karindula yake, ile banjo ya kopo, akaingia. Wamama wakaitika. Tuliuimba wimbo ule mmoja labda nusu saa, na kila nilipofika pale nilishuka.

Asubuhi, kwenye chai, mama mmoja mzee sana, wa rika la nkambo, alinishika mkono akasema: "Ile njo sauti yako, mama. Ile ya ndoa ni ya nani?"

Tangu hapo nimeharibika. Nikifika kwenye kiitikio ninamsikia yeye. Jumamosi mbili zilizopita nilisahau maneno ya wimbo ambao nimeuimba sijui mara ngapi, mbele ya bibi harusi. Yaya, yaani mkubwa wetu anayeongoza bendi, alinitazama kama mtu aliyemwaga mafuta ya kula.

Sasa shida yenyewe. Kuna bwana mwenye studio Kampemba alinisikia kwenye ndoa, kabla ya kilio. Anataka kunirekodia nyimbo 4 bila mimi kutoa hata franga moja. Masharti yake: zote ziwe za Kilingala, kwa sauti ile ile watu wanayoijua, kila wimbo uwe na majina ya wakubwa watatu au wanne watakaolipa libanga, yaani pesa ya kutajwa kwenye wimbo, na nisaini miaka 3. Karatasi ni ya Kifaransa, kurasa sita. Nimesoma mbili. Anataka jibu kabla mvua hazijaanza. Nilimwambia kuhusu wimbo wa nkambo, akacheka, lakini si kwa ubaya: "Kilio haina soko, dada."

Nimejaribu kutunga zangu. Nina daftari lenye nyimbo 11. Nikiziimba, hii ni ya yule mwanamama, hii inanuka Tanzania, hii ni korale ya kanisa letu. Hakuna hata moja ambayo ni mimi. Kwenye kuchora sijawahi kuwa na shida hii. Natumia mkono wa kushoto, baba alijaribu kunirekebisha akachoka, kwa hiyo S yangu imelala kama shingo ya bata, na watu wa Katuba wakiona bango wanajua ni langu bila sahihi. Lakini kuchora ni kazi tu. Kuimba ndiko ninakotaka kujulikana.

Nisaini? Niache bendi? Nikiupeleka wimbo wa nkambo studio, nitakuwa nimemuuza? Shangazi zangu wawili wanasema wimbo ni wa familia, wa tatu anasema si wa mtu. Na zaidi ya yote, mtu anajuaje sauti ipi ni yake? Naogopa nimekuwa kopi muda mrefu mpaka chini yake hakuna kitu.

Mdogo Wake, Katuba

*

Binti yangu,

Pole kwa nkambo. Naanzia hapo kwa sababu barua yako imepapita mbio, ukakimbilia karatasi ya studio. Umemzika juzi tu. Unasema umeharibika, unasahau maneno, koo linakwama kwenye kiitikio, na yote hayo umeyaweka upande wa muziki. Huenda mengine ni ya msiba. Mtu aliyefiwa akisimama mbele ya bibi harusi na kuambiwa acheke kabla ya kiitikio, anaweza kukwama bila kuwa na tatizo lolote la sauti. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema usiitie sahihi wala kuichana karatasi ya miaka 3 kabla hujajua ni nani anayekataa kuimba Jumamosi, mwimbaji au mjukuu.

Yule mama mzee nimemfikiria sana. Wewe umelisikia neno lake kama hukumu ya baraza: sauti hii yako, ile ya wizi. Lakini alimalizia na swali. Wazee wetu wakiuliza "ni ya nani?" wakati mwingine wanataka tu kujua. Inawezekana kabisa hajawahi kumsikia yule mwanamama wa Kinshasa na alitaka jina. Tena alikusikia usiku mmoja, kwenye giza, akiwa na huzuni yake mwenyewe, kwenye wimbo aliokua nao. Neno lake lina uzito, lakini haliwezi kubeba peke yake maisha yako yote.

Na huo ukopi unaoutukana: kuvuta pumzi kama mwenzako, kushika "e" isikatike, kukipandisha kicheko kwa wakati wake, hivyo ni vitu vya kujifunza, na umejifunza mbele ya watu, kwa ujira, Jumamosi baada ya Jumamosi. Pumzi uliyoitumia kukaa chini nusu saa bila kutetemeka pale kwenye mbabula uliipata wapi? Mimi nadhani uliipata ukumbini. (Mimi mwenyewe nilihamishwa kutoka kwenye korale kwenda kamati ya maua, kwa hiyo nihesabie kama msikilizaji tu.)

Sasa nikurudishe kwenye jambo uliloliandika haraka haraka na kulifunga kwa "ni kazi tu". Ile S.

Hukuitafuta. Hukukaa na daftari ukasema leo nabuni S yangu. Nadhani ulianza kwa kufuatisha za baba, mstari juu ya mstari, kama anayejifunza yeyote. Mkono wa kushoto unavuta brashi kutoka upande ambao herufi haikuutarajia, ikalala. Baba aliona kosa. Wateja walipoona, wakasema hii ya yule binti. Mtindo wako wa kuchora, kwa maneno mengine, ni kopi ya baba iliyopitia kwenye mkono usioweza kumkopi sawasawa. Na pale kwenye kilio? Wimbo ulikuwa wa nkambo, ulimfuata, ukafika mahali koo halikuweza, ukashuka. Mimi naona vinafanana mno. Lakini wewe ndiye mwenye mkono na mwenye koo, nipinge kama nimekosea.

Mji wetu una mifano ya hili, na kwa kuwa unachora nitaanza na wachoraji. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya uchoraji ambayo watu waliiita Hangar. Hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya. Katika chumba hicho kimoja, Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vifupi kama mtu anayesuka, na Pilipili Mulongoy alitoa ndege na samaki ambao hadi leo ukiwaona unamjua aliyewachora. Mwalimu mmoja, mikono mitatu. Wengi huishia hapo wakapiga makofi. Mimi naongeza hivi: ndege wale walipendwa, wakaigwa na wengi, na mtindo uliozaliwa kwa kukataa kuiga ukageuka kitu cha kuigwa na kuuzwa. Kwa hiyo hata kupata mkono wako hakukuokoi na kopi. Na kuhusu "kuchora ni kazi tu", Tshibumba Kanda Matulu alichora katika mji huu huu, kwenye nguo ya magunia ya unga, picha za kutundikwa sebuleni ili ale. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi hii kwa picha zaidi ya 100, na wasomi wameandika juu yake.

Upande wa kuimba yupo Jean Bosco Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na gari akirekodi muziki, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, kijana na gitaa lake, akipiga kwa kidole gumba na kile cha shahada, na uimbaji wake kwa Kiswahili chetu ulivuka mipaka mingi. Tafuta rekodi zake mbili za wimbo mmoja uzisikilize moja baada ya nyingine. Hazifanani. Kila mara anapita njia nyingine na bado ni yeye. Wala hakuishi kwa gitaa peke yake, alikuwa na kazi ya mshahara pia. Sikupi huyu kama ahadi, maana kwa kila aliyerekodiwa barabarani kuna mamia waliopitwa na gari. Nakupa masikio yake tu, usikilize.

Hapo kuna hatari nyingine ambayo hukuiona. Koo lililokauka si mtindo, ni koo lililokauka. Ukianza kushuka kila mahali kwa sababu mzee mmoja alikusifu kwa kushuka, baada ya mwaka utakuwa kopi ya binti aliyeimba usiku ule. Swali langu ni je, siku koo likiwa zima, ukifika pale kwenye kupanda, utataka nini? Jaribu jikoni, usijaribu mbele ya watu. Panda kama nkambo alivyopanda. Kisha shuka. Sikiliza ni wapi mwili unapumzika. Fanya hivyo hata na wimbo wa yule mwanamama: uondoe kicheko, uuteremshe mpaka karibu na kuongea, uone kama bado unasimama. Na zile nyimbo 11, ulizitunga kwa kalamu kwanza? Wimbo wa kilio haukuandikwa. Ulitoka na watu wakiitika, ukakaa nusu saa kwa sababu walikuwepo. Inawezekana ukiwa peke yako na daftari, unasikia redio kichwani. Wengine wanatunga hivyo vizuri. Wewe hatujui bado.

Tuje kwa bwana wa studio. Sitamchora kama shetani. Anatoa studio yake, na anachosema kuhusu soko ni soko analolijua. Kinachonitia wasiwasi ni zile kurasa nne ambazo hujasoma. Humo ndimo kunakuwa na mambo ya maana: baada ya miaka 3 rekodi zitabaki za nani, je unakatazwa kuimba kwingine, hata kwenye ndoa za dola 40 zinazosomesha wadogo zako, pesa ya libanga inaingia mfuko wa nani, na nyimbo zisipotoka kabisa, bado umefungwa? Mtafute mtu anayejua Kifaransa cha sheria, si cha shuleni, akae nawe ukurasa kwa ukurasa. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu 1986, na kuna SOCODA, shirika la watunzi. Uliza unavyoandikisha kazi yako kabla hujaingia studio, kwa sababu ukishatoka humo unauliza ukiwa umechelewa. Akikuambia muda wa kusomewa haupo, hilo nalo ni jibu kuhusu yeye.

Ukisaini, unaweza kupata jina, au watu wakaendelea kupata jina la yule mwingine kupitia kwako. Utatoka na miaka 31, si uzee huo, lakini miaka 3 ya kuiga sauti moja tu inaacha alama kwenye koo. Usiposaini, unaweza kukaa miaka hiyo hiyo ukisubiri mlango mwingine usiofunguka, na hakuna wa kumlaumu. Unaweza pia kumwomba wimbo mmoja kati ya 4 uwe wako, kwa Kiswahili cha hapa, bila majina ya wakubwa. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali, na wimbo ukatoka vibaya kwa sababu umeuleta mbichi. Ningekuwa wewe ningemuuliza, walau kwa kusikia anavyojibu, lakini mimi sina wadogo wawili sekondari wanaonisubiri.

Wimbo wa nkambo ungekuwa wangu nisingeukimbiza. Shangazi zako hawajagombana kuhusu wimbo tu, wanamgombania mama yao, na hiyo inachukua muda. Nenda ukae nao, bila simu ya kurekodi kwa mara ya kwanza, uwaombe wakuimbie wanavyoukumbuka. Utashangaa: pengine kuna beti huzijui, au kila mmoja ana wake. Waulize pia wale wamama walioitika, kwa sababu nusu ya wimbo usiku ule ilikuwa yao. Studio nani ataitika? Wakiweka kinanda mahali pa wamama, utakuwa wimbo mwingine, labda mzuri, lakini mwingine, na ni haki yao kulijua hilo mapema. Na wimbo unaweza pia kubaki kwenye vilio tu. Si kila kitu kinachotoka vizuri kinadai kurekodiwa.

Bendi, ongea na yaya. Sidhani kama umemwambia kuhusu kilio. Yeye anaona mwimbaji aliyesahau maneno na labda anadhani umeanza kunywa. Mwambie. Halafu ile saa ambayo wageni wanakula na hakuna anayesikiliza, muombe dakika tano za kitu chako kisichokamilika. Wanaweza kukupuuza, kwa sababu wamelipia Mdogo Wake. Mmoja anaweza kuacha kutafuna. Ukiona hata huyo mmoja hayupo, hujapoteza Jumamosi, unarudi kwenye kiitikio na kicheko chako, na ujira unabaki pale pale.

Hiyo hofu ya kwamba chini hakuna kitu, nimeisoma mwisho wa barua, nikarudi juu kwenye mvuke wa sahani, kwenye mafuta ya kula yaliyomwagika, kwenye shingo ya bata. Aliyeandika hivyo hakuwa anamkopi mtu.

Jambo moja nataka kujua, ukipata nafasi niandikie. Yule kijana wa karindula, na lile kopo lake la mafuta lenye ngozi ya mbuzi: aliingia kabla hujashuka, au baada? Kama aliingia kabla, huenda ni nyuzi zake ndizo zilizokuvuta chini, na itabidi umtafute.

Mama yako wa safu hii